Usisaini kitu mpaka usome hii

Shoga angu,

Habari za huko, watoto, mama na kile kikohozi chake? Sisi wazima, mvua tu ndo inatunyanyasa, Tanga nzima tope. Nisamehe kwa kimya. Voisi zako zote nimezisikia, ile ya juzi usiku nimeirudia mara tatu, sikujibu kwa sababu kila nikitaka kurekodi najikuta natukana, na huyu mwanangu siku hizi anadaka kila neno. Bora niandike.

Yani miaka tisa! Miaka tisa Mama Mkwe wa mchezo wetu wa redio ni wewe, tangu tunarekodi kwenye kile chumba chenye magodoro ukutani, mi namwaga mchele kwenye sinia iwe mvua, we kanga kiunoni unatafuna tangawizi, taa nyekundu ikiwaka tu mgongo unajipinda wenyewe na sauti inakuwa ya bibi wa miaka sabini, mrefu, mkavu, wa kuogopwa na mtaa mzima. Na we una futi tano ukivaa viatu. Leo mchezo unaenda kwenye tivii wanakwambia hufanani. Hufanani na nani sasa? Na sauti yako mwenyewe?

Ngoja nikupe kisa. Unajua nikikosa usingizi naweka ile michezo ya zamani ya redio ya Wamarekani kwenye simu. Kuna mmoja unaitwa Gunsmoke, wa makauboi, ulianza kituo cha CBS mwaka 1952. Afande wa mji wa Dodge City anaitwa Matt Dillon, sauti nzito kama mtu anaburuta gunia la chumvi kwenye sakafu, mwenye sauti ni William Conrad. Nikajijengea jitu kichwani, kifua hiki hapa. Siku moja nikatafuta picha. Shoga, kibonge, mfupi, masharubu! Nimecheka peke yangu saa nane usiku, halafu nikakukumbuka we nikanyamaza.

Maana 1955 Gunsmoke ikaenda tivii. Wale wa redio waliitwa kwenye usaili, inasemekana ulikuwa wa kuondoa lawama tu, na katika wale wanne wakubwa hakuchukuliwa hata mmoja. Nafasi ya Conrad akapewa James Arness, futi 6 na inchi 7, na kipindi cha kwanza akaja John Wayne mwenyewe, yule nyota wa filamu za makauboi, kumtambulisha. Tivii ikaenda miaka 20. Conrad akaendelea na redio mpaka 1961. Hebu fikiria, miaka karibu sita nchi moja ina Matt Dillon wawili, mmoja anaonekana mmoja anasikika, na huyu wa kusikika anaendelea kuingia studio, anashika skripti, anajua. Mi ningegoma, unanijua. Ila ningegoma halafu nile nini?

Sasa hilo la kukukosesha nafasi linaniuma, lakini lililonifanya niandike ni lile la mwisho wa voisi, ulilisema harakaharaka kama unaficha: eti wanataka "umsaidie kidogo" yule binti waliyempa nafasi yako, umfundishe sauti. Bure. Yani wachukue mwili wa mwingine, sauti yako waichukue hivihivi kama kuomba chumvi kwa jirani?

James Earl Jones unamjua, yule sauti ya Mufasa. Alikuwa na kigugumizi utotoni huyo. Kwenye filamu ya Star Wars ya 1977, yule adui mwenye kinyago cheusi, Darth Vader, mwili ni wa David Prowse, Jones ametoa sauti tu. Sawa. Lakini alilipwa kama sauti! Hakuambiwa nenda kaka kamuelekeze Prowse ukimaliza urudi nyumbani. Ndo tofauti ninayoisema.

Na kuna Agnes Moorehead, huyu ndo wewe kabisa. 1943 alicheza redioni mwanamke mgonjwa, yuko kitandani na simu, basi, karibu nusu saa nzima ni pumzi zake tu na ule woga unapanda. Watu wakapenda, akaurudia mara kadhaa. 1948 wakautengenezea filamu, nafasi ikaenda kwa Barbara Stanwyck, na Stanwyck akateuliwa kuwania Oscar kwa nafasi hiyo hiyo. Moorehead miaka ya 60 akaja kupata jina kubwa zaidi kwenye tivii, kwenye Bewitched. Unajua alicheza nani? Mama mkwe! Mchawi juu. Nimeapa sikutungii.

Conrad naye alikuja akapata, akawa msimulizi wa kipindi cha tivii cha The Fugitive, akasimulia katuni, akaongoza hata vipindi vya hiyohiyo Gunsmoke ya tivii (hapo ndo pananichanganya, moyo gani huo?), halafu 1971, anakaribia miaka 51, wakampa kipindi chake mwenyewe, Cannon, yeye ndo mpelelezi, bonge vilevile alivyo. Lakini sikudanganyi. Georgia Ellis, aliyekuwa Kitty wa Gunsmoke redioni, hakupata Cannon yake. Kwa hiyo sisemi vumilia utakuja kupata. Nasema usifundishe mtu bila karatasi. Hiyo kazi ya usimulizi waliyokugusia chukua, ila bei ya msimulizi, na ya kufundisha bei yake, jina lako likae mwishoni watu walisome. Wakikataa mwachie binti apambane, atajua mwenyewe kwamba kile kikohozi kabla ya "mwanangu" hakinunuliwi kariakoo.

Yule dereva wa bajaji wa Tabata bado unamkumbuka? Aligeuka taa zimeshawaka kijani, watu nyuma wanapiga honi, yeye anakuuliza "Mama Mkwe, mbona mdogo hivi?" Nilicheka siku ile. Sasa hivi sicheki.

Hivi Kombo amesemaje? Yupo upande wetu au keshapewa nafasi? Mkataba wa redio una mstari wowote kuhusu sauti, au ni ile karatasi moja ya kuchapwa? Umemwambia mumeo? Binti mwenyewe ana adabu lakini? Lini wanataka jibu? Na lile sinia langu bado lipo studio au na lenyewe limeenda tivii?

Jibu kwa kuandika, bando langu halitoshi voisi za dakika kumi na moja.

Mimi wako,
Mama Mvua