Faiawoli mbili, na bado "mtandao unasumbua"

NDUGU MHARIRI,

Naomba nafasi katika gazeti lako nitoe dukuduku langu. Ofisi zinanunua faiawoli mbili, yaani vifaa vya kulinda mtandao vinavyochuja kinachoingia na kutoka, ili moja ikizima nyingine ishike kazi. Siku ikizima kweli, kila mtu anatupwa nje ya mfumo, na mteja aliyepanga foleni anaambiwa mtandao unasumbua.

Mimi ni fundi mitandao hapa Mwanza. Juzi niliitwa kwenye ofisi moja yenye shida hiyohiyo. Meneja alishikilia kwamba vifaa ni vizima kwa sababu ping, ile paketi ndogo ya kuuliza kama mashine ipo hewani, inapita. Ni kweli ilipita, ila hapo haithibitishi kitu: paketi yake yoyote inatosha kufunguliwa kumbukumbu mpya kwenye jedwali ambamo faiawoli huandika mawasiliano yanayoendelea. Muunganisho wa TCP, yaani mawasiliano ya mfululizo yenye mwanzo na mwisho, wa mhasibu aliye katikati ya malipo hauna bahati hiyo. Faiawoli ya akiba isipoukuta kwenye jedwali lake, inautupa.

Kwenye pf, programu ya faiawoli iliyokuwa humo, kumbukumbu hizo husafirishwa kutoka mashine kuu hadi ya akiba na pfsync, itifaki namba 240. Nilisikiliza kwa tcpdump, programu ya kuchungulia paketi, kwenye kebo ya kati inayounganisha mashine hizo mbili, nikaona taarifa zinamiminika. Kumbe zinafika lakini hazihifadhiwi! Mashine kuu ilikuwa inafunga kila muunganisho kwa jina la kadi yake ya mtandao, igb0. Ile ya akiba ililetwa baadaye, ya bei nafuu, na kadi yake inaitwa em0. Ikipokea taarifa ya kadi isiyo nayo, inairuka kimyakimya, na taa zote zinabaki za kijani. Tulizifunika kadi za pande zote mbili chini ya jina moja, lagg0, na jedwali likajaa.

Kebo hiyo nayo iwe ya peke yake. Pfsync haina nywila, na nimeshaikuta imepitishwa kwenye swichi moja na kamera za getini.

Ombi langu ni kwa wanaosaini kupokea vifaa. Kabla ya kalamu kugusa karatasi, mwambieni mkandarasi aanze kupakua faili kubwa, kisha achomoe umeme wa mashine kuu mbele ya macho yenu. Faili likikatika, asilipwe kwanza. Zabuni ninazoziona zinataja idadi ya vifaa na miaka ya dhamana. Jaribio hili la dakika chache halimo.

Fundi mitandao,
Nyakato, Mwanza