Risala ya Kikundi cha Akina Mama Waanika Dagaa kwa Mgeni Rasmi, Wiki ya Siku ya Majeshi, Ilemela, Mwanza

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, afande uliyetuwakilishia Kamandi ya Jeshi la Anga,
Mheshimiwa Diwani,
Mwenyekiti wa Serikali ya Mtaa na wajumbe wako,
Viongozi wetu wa dini,
Maafisa na askari, walimu, wazee wetu, ndugu wananchi:

Shikamooni wakubwa wetu. Wengine wote, mwangaluka!

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tunakushukuru kwa kukubali kuja kukaa nasi chini ya turubai hili badala ya kutuita sisi tuje ofisini. Jana askari wako walizibua nasi mtaro wa sokoni, matope yakiwafika magotini, na leo asubuhi tumewaona wamepanga foleni kuchangia damu. Jeshi letu lilizaliwa tarehe 1 Septemba 1964, na kila mwaka wiki hii ikifika tunafurahi kuwaona mnatoka nje ya uzio wa kambi yenu iliyo jirani nasi.

Sisi ni akina mama tunaonunua dagaa alfajiri mwaloni, pale wavuvi wanaposhusha samaki, tunawaanika na kuwauza. Nyumba zetu ziko chini ya njia ya ndege. Mtoto anayezaliwa hapa huzoea ngurumo ya ndege za kivita kabla hajajua kutamka jina lake. Wageni huuliza tunalalaje. Tunalala vizuri, na tungependa kueleza sababu.

Mheshimiwa, Kanda ya Ziwa haikuhadithiwa vita vya angani. Oktoba 1978 ndege za Idi Amin zilidondosha mabomu Bukoba, na watu wakakimbia mji wao wakiwa na watoto migongoni. Mwishoni mwa Machi 1979 zamu ikawa ya Mwanza. Ndege ya Libya aina ya Tu-22, iliyotumwa kumsaidia Amin, ilikuja kulipua ghala la mafuta la mji huu. Ikakosa shabaha, na silaha zake zikaangukia Kisiwa cha Saanane, kwenye bustani ya wanyama, zikaua swala. Tunaomba vijana waliokaa hapa mbele waelewe jambo hilo. Saanane ile mnayokwenda kutembea siku za sikukuu iko jirani kabisa na katikati ya mji. Lile ghala lingepatwa, tungekuwa tunasimulia habari nyingine.

Katika vita hiyohiyo ya Kagera askari wetu walitungua ndege kadhaa za adui kwa mizinga na kwa makombora ya kubeba begani. Wapo wazee hapa waliokuwa mgambo wakati ule. Wapo pia waliotoa ng'ombe na unga, na waliokubali kufunga mikanda Mwalimu alipoomba miezi 18 baada ya vita. Kwa hiyo tunaposema ulinzi wa anga, hatusemi jambo la wenye rada peke yao.

Kutoka Bukoba hadi hapa, kwa njia ya anga, hazifiki kilomita 200. Ndege inayokwenda kilomita 900 kwa saa hukata kilomita 15 kila dakika. Basi kabla chai haijachemka, imefika. Ndani ya muda huo mdogo mlinzi anatakiwa aione, aitambue kama ni ya rafiki au ya adui, apate amri, ndipo achukue hatua. Kazi hiyo haiwezi kuanza siku ya tatizo. Inataka mtu aliye macho usiku wa manane, miaka na miaka, hata kama hakuna kinachotokea. Tunajua wako vijana ndani ya uzio ambao hivi sasa tunavyosoma wako zamu. Tunaomba uwafikishie shukrani zetu, maana sherehe hii hawataiona.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, sasa tueleze upande wetu.

Dagaa wakianikwa mchangani, wanaowahi kufika si wateja. Ni kunguru, mwewe, yangeyange na makorongo. Mwanza yote inayajua makorongo yetu: makubwa, mazito, na hayana haraka ya kumpisha mtu. Korongo mmoja akivutwa ndani ya injini ya ndege inayoruka, anaweza kuvunja mapangaboi yake, na rubani akabaki na sekunde chache za kuamua. Maafisa wenu walipokuja kutueleza hayo tulishtuka, kwa sababu tulikuwa tunaanika karibu na uzio, na matumbo ya samaki tulikuwa tunamwaga palepale.

Leo tunaanika kwenye vichanja vya miti vilivyoinuka usawa wa kiuno, mbali na uzio, na juu yake tunatandaza nyavu kuukuu. Mabaki yanafukiwa siku hiyohiyo. Na tumefaidika wenyewe: upepo unapita chini na juu, dagaa wanakauka upesi, hawana mchanga, na mnunuzi anayetoka mbali hatupunguzii bei kwa kulalamikia uchafu. Bado wapo wenzetu wasiojiunga wanaomwaga taka ovyo. Tunawafuata nyumba kwa nyumba.

Jambo la pili ni droni. Vijana wetu wa kupiga picha za harusi wanazirusha bila kujua kwamba zinahitaji kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga na cha wizara yenye dhamana ya ulinzi. Si wahalifu, ni watafutaji riziki. Lakini kitu kidogo kinachoruka jirani na kambi ya ulinzi wa anga hakiwezi kuchukuliwa kuwa mchezo. Tunaomba semina kwa ajili yao, ya lugha nyepesi, hapahapa mtaani.

Jambo la tatu linatuelemea moyoni. Tarehe 29 Aprili 2009 mabomu yalilipuka kwenye ghala la jeshi Mbagala, Dar es Salaam. Tarehe 16 Februari 2011, usiku, yakalipuka Gongo la Mboto, jiji hilohilo. Wananchi walikufa na nyumba zikabomoka. Gongo la Mboto watu walikimbia gizani kila mmoja upande wake, watoto wengi wakapotezana na wazazi, na maelfu wakakusanyika Uwanja wa Uhuru. Hatusemi hayo kwa kulaumu. Tunasema kwa sababu sisi ni wazazi, na tukiulizwa leo mtoto aliyeko shuleni akimbilie wapi kukitokea mlipuko, hatuna jibu.

Kwa hiyo tunaomba zoezi la pamoja la kujiokoa, angalau mara moja kwa mwaka, kati ya kambi, shule na mitaa. Tuoneshwe pa kukusanyika, na tujue nani anashika orodha ya watoto na wazee wasiojiweza. Tunaomba pia tutangaziwe mapema mnapokuwa na mazoezi ya milipuko, kwani wagonjwa na wazee wanashtuka. Na wataalamu wa ardhi watembeze wenyeviti wa mitaa kwenye alama za mpaka, ili mnunuzi wa kiwanja asiuziwe eneo la jeshi na dalali.

Kwa upande wetu tunaahidi kuendelea na vichanja, na kutoa taarifa kwa mtaa na kwa kambi tukiona jambo tusilolielewa.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, baada ya hotuba yako tunakukaribisha utembelee vichanja vyetu. Tumekuandalia dagaa waliokaangwa na ugali wa muhogo.

Tunaomba kuwasilisha.