Msizimwagie asidi baraza za mawe

Kwako Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua nizungumze na wenzangu wenye nyumba za mawe, na hasa wanakamati wa misikiti ambao kila ukikaribia mfungo wa Ramadhani huanza shughuli za usafi. Ninalotaka kulisema linahusu asidi inayouzwa kwa chupa madukani ili kuondoa madoa ya tambuu na rangi nyinginezo. Tafadhalini, msiimwage juu ya mawe yetu.

Mimi ni mzaliwa wa Kibokoni, Mji wa Kale, Mombasa. Nyumba yetu ni ya mawe ya matumbawe na chokaa, na mbele yake kuna daka, yaani ukumbi wa mlangoni, lenye baraza mbili, moja kila upande wa mlango. Baraza ya kulia ndiyo waliyokaa wanaume baada ya swala ya alasiri. Marehemu baba alikuwa mtafunaji tambuu, na wenzake vilevile. Kijaluba, kile kikopo cha tambuu, kilizunguka mkono kwa mkono. Kopo la kutemea lilikuwepo, lakini si mate yote yaliyofika koponi. Miaka ikapita, ubavu wa baraza ukawa na madoa mekundu juu na ya hudhurungi kule chini, pale mate ya zamani yalipokaukia.

Wekundu ule hautoki kwenye jani la tambuu. Jani ni kijani, popoo ni kahawia na chokaa ni nyeupe. Vikisagwa pamoja kinywani, chokaa huifanya popoo itoe rangi nyekundu, na ukali wake kwenye jiwe ni kama ule wa chai ya rangi kwenye kanzu. Tena jiwe la tumbawe si kioo. Ukilivunja kipande ukalitazama juani, utaona vishimo vidogo vidogo tele, kama mkate wa kumimina. Rangi ikimwagika hapo haikai juu kama vumbi, inanywewa.

Mwaka 2019 tulikuwa na arusi ya binti yangu na nikataka daka litakate. Kijana aliyekuja kutupakia rangi kuta akaniambia, "Mama, usijisumbue na brashi, mimi nina dawa." Akaenda hadiwea akarudi na chupa ya nusu lita, ile ya maji ya kunywa, karatasi yake ya maji ingali imebandikwa. Haikuandikwa neno lolote la onyo. Akaimwaga juu ya baraza.

Nilisimama pale pale, nikaona kwa macho yangu. Jiwe lilichemka. Povu jeupe lilipanda kwa sauti kama ya vitumbua vinapotiwa kwenye mafuta ya moto, kukatoka moshi mwembamba wa kukereketa puani. Alipomwaga maji, ule wekundu ulikuwa umeondoka kweli, nami nikamshukuru. Sikujua kwamba kilichokuwa kikichemka si doa, bali ni baraza yenyewe. Tumbawe ni la jamii ya chokaa, na chokaa ya lipu ni hivyo hivyo. Asidi ikikutana navyo huviyeyusha, na povu lile ni hewa inayotoka jiwe likiliwa. Doa liliondoka kwa sababu ngozi ya jiwe iliondoka nalo.

Ile lipu ya chokaa iliyokuwa laini, ambayo watoto tulikuwa tukiteleza juu yake kwa makalio, ikawa kama msasa. Ukikaa, vazi la buibui linanasa. Na kwa kuwa ngozi haipo, miezi miwili baadaye wageni walipokaa tena na tambuu zao, rangi iliingia ndani zaidi kuliko zamani. Sabuni haikufaa kitu, na brashi ya waya ikazidi kulichimba.

Liko baya zaidi ya hilo. Chupa ile ilibaki na asidi kidogo, ikawekwa chooni. Mwana wa dada yangu alikuwa ameshamwaga jiki, ile dawa ya kung'arishia nguo nyeupe, sakafuni, na alipoona haijatakata akaongezea na ile ya chupani. Tulimsikia akikohoa mpaka anashindwa kuvuta pumzi. Jiki ikichanganyika na asidi hutoa gesi ya klorini, na gesi hiyo huunguza mapafu. Alhamdulillahi alitoka mapema, akapona baada ya siku kadhaa. Lakini nasema kwa uchungu: mtu atajuaje, ikiwa dawa kali kama ile inauzwa ndani ya chupa ya maji, bila jina? Mtoto angeinywa. Wenye maduka, hili nalisema kwenu moja kwa moja. Iuzeni kwenye chombo chake, chenye maandishi, na muulizeni mteja anakwenda kuimwaga wapi.

Aliyenifundisha njia nyingine ni mzee mmoja fundi wa chokaa, mtu wa Lamu, aliyekuja kutazama kama baraza inaweza kupigwa lipu upya. Alipitisha kiganja juu yake, akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Mwanangu, jiwe hili lilikuwa na kiu likanywa rangi. Sasa unalipiga kwa nini? Lipe kitu chenye kiu kuliko lenyewe, kitainyonya." Hapo akanionyesha bandiko.

Linafanywa hivi. Udongo mweupe mkavu, au unga wa chaki nyeupe ukikosa udongo, unakorogwa na ile dawa ya kusafishia vidonda inayotoa povu, haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3, inayopatikana kwenye maduka ya dawa. Koroga mpaka uwe mzito kama siagi ya njugu. Vaa glavu. Kwanza jiwe linaloweshwa kwa maji matupu, na hili usiliruke, kwa sababu jiwe kavu litainyonya dawa na kuisukuma rangi ndani. Kisha pakaza bandiko juu ya doa, unene wa kidole cha mwisho, likipita ukingo wa doa kwa upana wa vidole viwili. Funika kwa karatasi ya nailoni, ukingo uubane kwa gundi ya utepe, uache siku nzima. Kesho yake toa nailoni uliache bandiko likauke lenyewe. Watu wengi hukosea hapo, hulikwangua lingali bichi. Linapokauka ndipo linapovuta: maji hupanda kutoka ndani ya jiwe kuja kwenye udongo, na rangi iliyobaki huja nayo. Likishapasukapasuka, libandue kwa mwiko wa mbao, osha kwa maji.

Mara ya kwanza nililibandua nikaona upande wa ndani wa udongo una rangi ya waridi iliyofifia. Nilifurahi nikamwita jirani aje aone. Doa halikwisha siku ile. Nimerudia mara tano, pengine sita, na kila mara limepungua. Dawa yenyewe ni ya polepole, anayetaka doa lake lifutike kabla ya magharibi haitamfaa. Anzeni kwenye pembe isiyoonekana kwanza, maana mawe hayafanani. Na mchanganyiko ukibaki umwageni, msiufunge chupani, kwani hutoa hewa na chupa inaweza kupasuka.

Vigae vya jikoni vina habari yao. Kigae chenye kung'aa hakinywi rangi, kinachonywa ni ile mistari ya simiti katikati. Niliwahi kumwaga unga wa manjano nikasugua kwa sabuni ya mche, mistari ikageuka myekundu kama damu! Nilishtuka. Kumbe manjano ndivyo ilivyo, ikigusana na sabuni au chokaa hugeuka nyekundu, na ukiipa ndimu hurudi njano. Nikaosha kwa maji tele nikaliacha jua la dirishani lifanye kazi, maana rangi ya manjano haistahimili jua. Siku chache tu ikawa imefifia. Asidi kwenye vigae hukila kile kisimiti, maji yakapita chini, na baada ya muda unagonga kigae unasikia mlio wa kitu kitupu. Kutu nayo, ile ya miguu ya viti vya chuma, msiitie jiki, haiiondoi.

Asiyejua jiwe lake ni la aina gani, atone tone moja la ndimu mahali pa kificho. Likitoa vipovu, hilo ni la jamii ya chokaa: tumbawe, marumaru, hata terazo nyingi. Hapo asidi ni haramu, na siki na ndimu zenyewe zisitumike kusafishia.

Nawaomba wanakamati, kabla hamjawapa vijana chupa waende kusugua ngazi za msikiti na mabirika ya kutawadhia, wekeni tone hilo kwanza. Ngazi zile zimekanyagwa na vizazi mpaka zikawa laini, na asidi itauharibu ulaini ule kwa dakika tano. Fundi wa lipu ya chokaa wa kuzirekebisha hapatikani kirahisi siku hizi, na wengi watawapakia simiti, ambayo hailiachi tumbawe lipumue.

Asiyeniamini aje baada ya alasiri. Baraza yetu ya kushoto haikuguswa na ile chupa. Apitishe kiganja juu yake, kisha apitishe juu ya ile ya kulia.

Wako,
Mama wa Kibokoni,
Mombasa