Mnunuzi wa nyumba mwenye usonji aandikiwe, asiharakishwe

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niwasihi madalali na wauzaji wa nyumba hapa Tanga watufikirie wanunuzi wenye usonji, yaani hali ya ubongo inayoathiri namna mtu anavyowasiliana na kupokea sauti na mazingira, kwani mimi ni mmoja wao na natafuta nyumba maeneo ya Mikanjuni.

Kinachotuumiza zaidi ni haraka. Dalali husema yuko mteja mwingine mwenye fedha taslimu, kisha bei, mipaka na madeni ya nyumba huelezwa kwa mdomo, watu kadhaa wakizungumza kwa pamoja, ilhali mtu kama mimi huelewa vyema anapoandikiwa na kuachiwa utulivu wa kusoma. Nisipomtazama muuzaji machoni, hudhaniwa kuwa sina nia au, jambo linaloniuma sana, kwamba ndugu yangu ndiye wa kuulizwa. Usonji hauniondolei haki ya kumiliki mali, na Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inakataza ubaguzi.

Turuhusiwe pia kuiona nyumba zaidi ya mara moja, ikiwemo usiku, maana kelele za baa au mashine ya kusaga, ambazo mwingine huzizoea, kwangu zaweza kuifanya nyumba isikalike. Kuhusu hati, ikaguliwe kwa Msajili wa Hati kabla ya malipo yoyote, utaratibu unaomlinda kila mnunuzi.

Nawaomba wenyeviti wa mitaa, wanaposhuhudia mauziano, wamwulize mnunuzi mwenyewe, wala si aliyemsindikiza, kama ameuelewa mkataba.

Mkazi wa Chumbageni,
Tanga