"Mbona kuna tovuti inageuza bure?"

Wiki hii tumeulizwa tena kwa nini tunatoza kugeuza mswada kuwa EPUB, yaani kitabu cha kusomea kwenye simu na kompyuta, na aliyeuliza alikuwa ameshakasirika, anaona tumempiga. Basi tueleze pesa inakwenda wapi.

Kitabu cha EPUB kwa ndani ni tovuti iliyofungwa kwenye zip. Chukua nakala, badilisha jina liishie na .zip, fungua: utakuta kurasa za XHTML (aina ya HTML, lugha ya kuandikia kurasa za tovuti), faili ya CSS ya kupanga mwonekano, na faili ya OPF inayotaja kila kilichomo na kipi kitangulie. PDF ni kitu kingine. Ukurasa wake umeganda, ndiyo maana kwenye simu unasoma huku ukiusukuma kushoto na kulia.

Ndani ya kurasa hizo kuna alama zinazosema hiki ni kichwa, hii ni aya. Word na InDesign, programu za kuandikia na kupangia vitabu, hutoa alama hizo kwa kufuata mitindo uliyoweka. Kichwa cha sura chenye mtindo wa Heading 1 hutoka na alama ya h1, yaani kichwa kikuu, na orodha ya sura hujipanga yenyewe. Ukikuza tu herufi na kukoleza wino, wewe unaona kichwa, programu inaona aya kama aya nyingine. Miswada mingi inatufikia hivyo, na kurekebisha hayo ndiko kunakomaliza siku zetu mbili za kazi.

Mwalimu mmoja mstaafu alikuwa na diwani. Ukwapi na utao, vipande viwili vya mshororo, alivitenganisha kwa spesi, mshororo huu kumi, ule kumi na mbili, mpaka vilingane. Akaigeuza kwenye tovuti ya bure, akaanza kuuza. HTML husoma spesi mfululizo kama moja, kwa hiyo vipande vikashikana, vina vya kati vikapotea machoni. Tena usimbaji wa herufi, yaani namna kompyuta inavyozihifadhi, ulichanganywa: ng'ombe akatoka "ngâ€™ombe". Wanunuzi wakadai hela zao. Tulimpangia upya ubeti kwa ubeti, akalipa kuliko ambavyo angelipa mwanzo (na tulimpunguzia, yeye mwenyewe shahidi).

Bei yetu ni pamoja na kupitisha faili kwenye EPUBCheck, programu ya kukagua makosa ya EPUB, hadi isibaki kosa hata moja, na kuandika ndani kwamba lugha ni "sw", ili sauti ya simu, inapomsomea asiyeona, isisome Kiswahili kwa matamshi ya Kiingereza. Hilo hakuna mteja aliyewahi kutuulizia. Tunaweka tu.

Ukileta mswada uliopangwa kwa mitindo, bila spesi za kupanga mistari, tunatoza nusu.