Nyumba imekwenda, deni limebaki

Minneapolis

Shoga yangu Mwanaidi,

Salamu nyingi. Natumai wewe, shemeji na wanangu hamjambo huko Houston. Sisi wazima, ila baridi inatutafuna. Najua nimekaa kimya mno, utanisema baadaye. Naandika kwa sababu kwenye simu siwezi kusema haya, mume wangu Salim yuko pale pale anasikiliza.

Ile barua imekuja. Bahasha yenye kidirisha, jina langu limekosewa kama kawaida yao, ndani wanadai dola 31,000. Ni ule mkopo wa ikwiti, yaani tuliokopa kwa kuiweka nyumba dhamana, wa paa na matibabu ya marehemu mama. Sasa niambie, nyumba si sherifu alishaiuza kwa mnada? Miezi 6 ya kulipa na kuikomboa ikapita, funguo tukakabidhi!

Kumbe iliyomalizana nasi ni benki ya kwanza, ile ya mkopo mkuu wa nyumba. Mkopeshaji wa pili, huyu wa ikwiti, mnada umemwondolea dhamana tu. Hati tuliyosaini ya kuahidi kulipa bado inatushika. Tena hata si yeye anayedai, ameshaliuza deni kwa wakusanya madeni. Hao hununua kwa bei ya kutupa, kisha wanakudai lote.

Salim anataka awape dola 50 kila mwezi, eti tuonekane waungwana. Nimekataa. Minnesota mdai ana miaka 6 ya kwenda mahakamani, na ukilipa kidogo tu hesabu inaweza kuanza upya. Uungwana gani huo? Nimeshawaandikia kupinga, maana sheria inatoa siku 30: wathibitishe deni ni lao na hizo hesabu zimetoka wapi. Wakitaka kupatana, iwe kiasi kidogo cha mara moja, na waandike kwanza ndipo tutoe pesa.

Halafu kuna hili. Wakisamehe sehemu, wanapeleka fomu 1099-C kwa watu wa kodi, kile kilichosamehewa kihesabiwe pato. Pato, Mwanaidi! Mimi ninayekalia ndoo. Basi ipo fomu 982 ya kujitetea, kwa ambaye madeni yake yalizidi mali, na hapo hatuna mpinzani.

Nyie Texas mmebarikiwa. Katiba yenu, tangu ile kura ya 1997, inasema mkopo wa ikwiti unaishia kwenye nyumba. Kama hukufanya udanganyifu, hawakufuati mfukoni. Na mimi nilivyokataa kuhamia huko kwa sababu ya joto... tuyaache.

Yule wakili wa Bi Rehema bado yupo? Anaweza kushika jambo la Minnesota, au anamjua mtu wa huku? Rehema alifilisika kwa Chapta 7 au 13, zile njia mbili za kufilisika mahakamani, na mkopo wake wa pili wa nyumba ulifutwa wote? Alipataje nyumba ya kupanga na kredi imeharibika vile? Muulize taratibu, asijue ni mimi. Na goti la mama yako je, ameshafanyiwa upasuaji? Nijibu kwa maandishi, mchana, Salim akiwa kazini.

Wako,
Asha