Ukiweka DAP, bakteria wa fosforasi huzima jeni zao

Mhariri,

Makala yenu ya kilimo yaliwashauri wakulima waweke mbolea ya bakteria (bakteria hai wanaotarajiwa kuufungulia mmea fosforasi ya udongoni) na DAP (mbolea ya viwandani ya daiamonia fosfeti) katika shimo moja la mbegu. Ushauri huo unakwenda kinyume na jinsi bakteria hao wanavyojiendesha.

Bakteria hatengenezi ovyo vimeng'enya vya kuvunja misombo ya fosforasi. Kwa Escherichia coli, aliyechunguzwa kuliko wengine, jeni ya fosfatasi ya alkali (kimeng'enya kinachong'oa fosfeti kwenye misombo ya kikaboni), iitwayo phoA, huwaka pale fosfeti ya nje, yaani fosforasi iliyo tayari kufyonzwa, inaposhuka chini ya mikromola 4 hivi, yaani kama miligramu 0.12 za fosforasi kwa lita. Fosfeti ikiwa tele, pampu ya Pst kwenye utando wa seli ikishirikiana na protini PhoU humzuia PhoR, protini inayopokea taarifa. Ikipungua, PhoR hujibandika kundi la fosfeti na kulikabidhi kwa protini PhoB, naye PhoB hushika kipande cha DNA chenye jozi 18 za besi (herufi za DNA) mbele ya jeni husika na kuiwasha. Uzalishaji wa kimeng'enya hupanda zaidi ya mara 100. Bacillus subtilis, anayetumika katika bidhaa nyingi, ana mfumo unaofanana wa PhoR na PhoP.

DAP ina asilimia 46 ya P2O5 (namna fosforasi inavyopimwa kwenye mbolea) na huyeyuka upesi. Kando ya punje yake, kiwango hicho cha mikromola 4 hupitwa mbali sana, na swichi hubaki imezimwa. Tena amonia inayotoka kwenye punje hudhuru seli na hata mche.

Lipo jambo la pili, na kwangu hili ndilo zito zaidi. Bidhaa nyingi hupimwa kwa chakula cha maabara kiitwacho Pikovskaya: gramu 5 za kalsiamu fosfeti na gramu 10 za glukosi kwa lita. Duara angavu likitokea kuzunguka koloni, bakteria husifiwa kwamba anavunja fosforasi. Duara hilo ni kazi ya asidi, hasa ya glukoni, inayotokana na glukosi, fosfatasi haihusiki. Shambani hakuna sukari kiasi hicho. Na katika udongo mwekundu wenye asidi, kama wa magharibi mwa Kenya, fosforasi imeshikwa na chuma na alumini, si kalsiamu.

Anayetaka kupima kimeng'enya chenyewe aoteshe bakteria usiku kucha katika vyakula viwili vinavyofanana, kimoja kikiwa na fosfeti milimola 0.1 (mikromola 100, ambazo bakteria huzimaliza wanapoota) na kingine 2. Asitumie mchuzi wa LB, chakula cha kawaida cha bakteria maabara, kwani una fosfeti ya kutosha kuizima phoA. Vyombo vioshwe kwa asidi ya hidrokloriki asilimia 10 kisha maji yaliyokenekwa, maana masalia ya sabuni yenye fosfeti huharibu jaribio. Kisha aweke p-nitrofenili fosfeti, kemikali inayotoa rangi ya njano kimeng'enya kikiivunja, ndani ya bafa (kimiminika kinachoshikilia pH) ya Tris ya pH 8. Bafa ya fosfeti haifai, hukizuia kimeng'enya. EDTA, kemikali inayonasa metali, nayo hukinyang'anya zinki kinayoihitaji. Njano ikitokea kwenye chakula maskini tu, mfumo ni mzima. Ikitokea kwenye vyote viwili, huenda pst au phoU imeharibika. Aina isiyo na phoU huota kwa shida, na mara nyingi hupata mabadiliko mengine ya jeni yanayoificha kasoro hiyo, kwa hiyo akiba ya bakteria ya maabara ihifadhiwe kwenye friza yenye baridi kali badala ya kuhamishwa sahani hadi sahani.

Hata swichi ikiwaka, mazao hayanufaiki papo hapo. Fosfatasi ya E. coli hukaa kati ya tando mbili za seli, na fosfeti inayozalishwa hudakwa kwanza na bakteria mwenyewe. Mmea hupata sehemu yake bakteria akifa au akiliwa na protozoa.

Mkulima mwenye mbolea hiyo ya bakteria aipake kwenye mbegu katika shamba lenye samadi iliyooza vizuri, ambako fosforasi ya kikaboni ipo ya kuvunjwa. Akitaka DAP pia, aifukie kando, kama sentimita 5 kutoka kwenye mbegu na 5 chini yake.

Msomaji wenu,
Morogoro